Majani ya Maziwa ya Bel-Air

Katika avenyu yetu, hapa Bel-Air, Lubumbashi, mwanamke msafi anajulikana kwa udongo wake. Ukipita asubuhi utaona parsele zote, ndivyo tunavyoita kiwanja chenye nyumba na ukuta wake, zimefagiliwa hadi zikabaki nyekundu tupu, na alama za ufagio zimejipanga kama nywele zilizosukwa. Jani likianguka linaokotwa. Nyasi zikichungulia pembeni mwa ukuta zinang'olewa kabla jirani hajaziona. Nilifagia hivyo miaka yote ya ndoa yangu, na nilikuwa hodari. Mama mkwe wangu, mtu mgumu wa kusifu, aliwahi kuwaambia wageni kwamba kwangu mtu angeweza kula bukari, ndio ugali wetu, chini bila sahani.

Kwa hiyo watu waliposema kwamba kifo cha mume wangu kimenivuruga akili, sikushangaa. Walikuwa wananijua na ufagio mkononi, na sasa walikuwa wananiona nimechuchumaa kwenye kona ya parsele nikimwagilia majani ya pori.

Mume wangu alikuwa wa ukoo uliotoka Maniema zamani, watu wa msikiti na biashara. Alipofariki nilikaa eda yote nyumbani kama dini inavyotaka, nikishona barazani kwa wateja waliokubali kunifuata. Eda ilipokwisha, safari yangu ya kwanza ilikuwa kwenda kwa dada yangu mkubwa, upande wa Kipushi. Mimi ninamwita yaya, na ndivyo nitakavyomwita hapa. Yaya hakuwahi kuolewa tena baada ya kuachwa. Alikuwa na shamba lake la mahindi na mihogo karibu na barabara, na nyumba ya tofali za udongo aliyoijenga mwenyewe.

Nilimkuta amesimama shambani, mikono kiunoni, anatazama vijiti vilivyopakwa rangi nyekundu. Vilikuwa vimechomekwa katikati ya mahindi yake, kwa mstari, hadi mbali.

"Banasema hii udongo bameiuza," aliniambia. "Kampuni inakuya. Chifu alipokea feza, mi sikuona hata mutu wa kuniuliza."

"Na wewe utakwenda wapi?"

"Mi niko napalilia," akasema, akainama akaendelea na jembe lake.

Nikamsaidia kupalilia. Tulifika mwisho wa shamba, pale ambapo hakuna anayelima kwa sababu ya mawe, na hapo nikaiona ile mimea. Ilikuwa inanifikia kifuani, majani membamba, maua madogo meupe yanayoning'inia, na matunda ya kijani yaliyovimba, yenye manyoya laini kama ndevu za kijana. Juu yake vipepeo walikuwa wanazunguka, wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe. Nilinyoosha mkono.

"Weye, usiguse!" Yaya alipiga kelele. "Ile iko na maziwa. Ikiingia mu macho unalala na kilio."

"Yaya, si ndiyo baluni zetu?"

Alitazama. Kisha akacheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba. Tulipokuwa wadogo, kila tulipotumwa kuni tulikuwa tunachuma matunda hayo na kuyapasulia kichwani mwa mwenzako bila yeye kujua. Yanatoa mlio mdogo, pu, halafu mbegu zinaruka na nyuzi zake nyeupe. Yaya alichuma moja, akaniambia nitazame kule barabarani, mimi nikatazama kweli, na akanipasulia kichwani. Wanawake wawili wazima, mmoja mjane, mmoja anayenyang'anywa shamba, tumesimama kwenye mawe na nywele zimejaa pamba.

Nilichukua matunda yaliyokauka, nikayafunga kwenye ncha ya kitenge changu. Yaya aliniuliza ninayapeleka wapi. Nilisema nyumbani. Akaniuliza kwa kazi gani. Nilisema sijui. Na kweli sikujua. Nilijua tu kwamba pale mjini nilikuwa sijaona kipepeo wa rangi ile kwa muda mrefu sana, na kwamba nilitaka kumwona tena nikiwa nimekaa kwenye mashine yangu.

Mvua zilipoanza nilichimba kona ya kushoto ya parsele, mkabala na baraza, nikapanda. Ilichipua haraka kuliko mchicha. Sikuitendea lolote la ajabu. Nilimwagilia siku ambazo mvua iligoma, nikaacha kufagia kona ile. Ilipofika kiunoni, vipepeo walikuja. Mpaka leo sijui waliijuaje, kwa sababu kutoka juu avenyu yetu ni mabati na saruji na udongo mtupu. Alikuja mmoja kwanza, jike, anatua kwenye jani, anapinda tumbo, anaacha yai moja dogo kama kichwa cha sindano, anaondoka anatafuta jani lingine.

Kazi ya kushona ina muda mwingi wa kutazama. Unapindisha upindo, macho yanapumzika mbele. Nikaona mayai yamekuwa viwavi, wenye mistari myeupe na myeusi na madoa ya njano, na pembe laini nyeusi mgongoni. Wanakula majani yale yale yenye maziwa, na hawaguswi. Ndege wa ukutani alishuka siku moja, akadonoa mmoja, akamtema, akajipangusa mdomo kwenye waya wa nguo kwa muda mrefu. Hakurudi. Kiwavi akishiba anatafuta mahali, mara nyingine chini ya dirisha langu, anajining'iniza kichwa chini, na kesho yake amekuwa kitu cha kijani chenye vitone vya dhahabu, kama hereni ambayo sonara ameisahau. Mteja wangu mmoja alitaka kuking'oa akivae sikioni. Nilimpiga mkono.

Na hawakuwa peke yao. Nyuki walikuja kwenye maua. Wakaja wadudu wekundu wenye milia myeusi, wanaokaa kwenye matunda kwa vikundi kama wazee kwenye benchi. Wakaja vidukari wa njano, wamejazana kwenye shina, na nyuma yao wakaja wadudu wa madoadoa wanaowala. Vunjajungu alihamia hapo akawa anakula yeyote. Kona iliyokuwa haina hata mchwa ikawa na kelele mchana kutwa.

Jirani yangu wa upande wa kulia ni mama wa mapacha, na hapa mwanamke aliyezaa mapacha anaitwa Mama Mapasa kwa heshima, hata jina lake la kwanza likasahauliwa. Alikuja siku moja kuchukua blauzi yake, akasimama mbele ya kona.

"Mama fundi, hizi vinkubala banakula?"

Vinkubala ni viwavi tunavyokula huku kwetu, vilivyokaushwa, pamoja na bukari. Lilikuwa swali la haki.

"Hapana. Hizi ziko na sumu."

"Basi unazifuga za nini?"

"Zinakuwa vipepeo."

"Na kipepeo unakula?"

"Hapana."

Aliyatazama majani, akanitazama mimi. "Mama, panda lengalenga. Panda matembele. Mutu hawezi kumwagilia kitu yenye hailiwi."

"Ukuta wako umeupaka rangi ya bluu," nikamwambia. "Unaula?"

Alicheka, lakini hakufurahi. Alikuwa na hofu kwa ajili ya mapacha wake, wasichana wawili wanaopita mlangoni kwangu kama kwao. Na hofu yake ilipata ushahidi mapema, kwa uzembe wangu. Nilikuwa ninapunguza matawi yaliyoegemea njia, jasho likanishuka, nikafuta jicho kwa mgongo wa mkono. Maziwa yalikuwa mkononi. Nilidhani mtu amenimwagia pilipili. Kufikia alasiri jicho lilikuwa limefunga, na kila kitu upande huo kilikuwa ukungu. Mama Mapasa ndiye aliyenishika mkono kunipeleka kwenye zahanati, na njia nzima alikuwa anagomba.

"Si nilisema? Si nilisema? Kama ingekuwa mutoto wangu?"

Muuguzi aliliosha jicho kwa maji mengi, akanipa dawa ya matone, akaniambia nina bahati. Nilishinda siku kadhaa siwezi kutunga uzi kwenye sindano. Katika siku hizo niliwaza sana kuhusu kung'oa. Si kwa sababu ya jicho langu. Jicho ni langu. Niliwaza kuhusu wale wasichana. Mwishowe nilifanya hivi: nilinunua miti, nikazungushia kona yote uzio wa kufika kifuani, nikaweka kijilango chenye komeo, na nikawaita mapacha mbele ya mama yao. Nikawaonyesha jicho langu likiwa bado jekundu. Nikavunja jani moja kwa glavu, wakaona maziwa yanavyotoka.

"Kuangalia ni bure," nikawaambia. "Kugusa ni hospitali."

Mama Mapasa alikagua uzio, akautikisa. "Bado mi sipendi," akasema. Nikamjibu kwamba sikumwomba apende. Tukaachana hapo, bila ugomvi, bila urafiki pia.

Ningekuwa nimeishia hapo kama si salongo. Salongo ni kazi ya usafi ya Jumamosi asubuhi. Kila mtu anafagia mbele ya kwake, anazibua mfereji, na shefu wa avenyu anapita kukagua. Shefu wetu ni mtu mfupi mwenye sauti ya redio. Alisimama mlangoni kwangu, akaingiza kichwa, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye kona.

"Mama, sheria ya salongo iko moja. Majani inakatwa."

"Majani ya njia, ndiyo. Hii iko ndani ya parsele yangu."

"Inaleta mbu."

"Mbu iko mu mufereji wenye mulisema mutazibua."

"Inaleta nyoka."

"Umeona nyoka, shefu?"

Alitazama huku na huku. Watu walikuwa wamesimamisha mafagio yao wanasikiliza. "Bon," akasema. "Mi siwezi kubishana na mwanamuke mu njia. Nitaongea na mwanaume wa nyumba."

"Mwanaume wa nyumba iko ku makaburi," nikamwambia. "Enda umusemeshe."

Nilisikia mtu akicheka kwa pua upande wa pili wa avenyu. Shefu hakucheka. Na kwa kuwa alikuwa anatafuta mwanaume, alimpata: Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, shemeji yangu alikuja.

Ni mdogo wa mume wangu. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na kila kitu anachokiona anakiona kimekwisha kuezekwa. Nilimletea kiti na chai. Hakugusa chai.

"Shemeji, hii ni nini unafanya? Bantu banacheka jina yetu. Banasema bibi ya kaka yangu anapanda sumu mu nyumba."

"Waambie ni maua."

"Maua inauzwa ku soko. Hii ni majani ya pori."

"Hata babu zetu balitoka pori, shemeji. Hatukuwang'oa."

Akanyoosha mguu, akagonga udongo kwa kisigino kama anayepima ugumu. "Sikiliza. Nitaleta pavé, tofali za kutandika chini. Tutaziba yote, hakuna tope tena, hakuna majani. Na pale mbele, ku njia, tutaweka butike mbili, maduka ya kupangisha. Itakusaidia na weye."

"Tutaziba nani na nani?"

"Familia."

"Sikusikia familia ikiniuliza."

"Iko nyumba ya kaka yangu."

Nilikuwa nimevumilia mengi katika msiba ule. Nilivumilia watu waliohesabu viti vyangu kwa macho siku ya mazishi. Nilivumilia kuitwa "bibi ya marehemu" kana kwamba nami nilikuwa nusu nimezikwa. Lakini tofali za nyumba ile tulizifyatua sisi wawili, mimi nikiwa na mimba ya binti yetu, na udongo wake niliubeba kichwani.

"Ni nyumba yangu," nikasema. "Na kona ile ni yangu. Chai inapoa."

"Kwa nini unashikilia hii majani? Nieleze tu. Iko dawa? Utauza?"

Hilo ndilo swali ambalo kila mtu aliniuliza, na kila mtu angenisamehe kama ningekuwa na jibu. Ningesema ni dawa ya tumbo, wangeniacha. Ningesema binti yangu aliyeko ng'ambo ameniagiza, wangeniacha. Ningesema marehemu aliipenda, wangelia nami. Mjane anaruhusiwa kuwa na haja. Haruhusiwi kuwa na hamu.

"Ninaipenda," nikamwambia. "Ninapenda wale vipepeo. Basi."

Alisimama, akachukua kofia yake. Alisema maneno ya kuaga vizuri kabisa, kama mtu aliyekwisha amua jambo.

Muda mfupi baadaye nilipata habari kwamba kampuni imeingia kwenye shamba la yaya. Nilifunga nyumba nikaenda Kipushi. Tingatinga lilikuwa limekwisha pita. Mahindi, mihogo, mawe, vyote vilikuwa vimesukumwa kwenye lundo moja, na udongo ulikuwa umegeuzwa tumbo juu. Nyumba ilikuwa imesimama bado, lakini walikuwa wamempa muda wa kuhama. Yaya alikuwa ndani anafunga vyungu. Hakulia. Alikuwa anafunga kila chungu kwa kitambaa chake, anakaza fundo kwa meno.

"Utakuja kwangu," nikasema.

"Kwako ni mujini. Nitalima wapi?"

"Tutaona."

Nilikaa naye siku chache, tukimaliza kuhamisha vitu kwa jirani. Nilitangulia kurudi Lubumbashi kutayarisha chumba. Nilipofungua mlango mkubwa, kabla ya kuona nilinusa. Ile harufu ya dawa ya kuulia magugu inakaa kooni. Kijilango cha uzio kilikuwa wazi. Majani yote yalikuwa yamegeuka njano na kahawia, yamejikunja kama karatasi iliyokaribia moto. Chini viwavi walikuwa wametapakaa, wamejipinda, wengine bado wanatikisa pembe zao. Nyuki wawili watatu walikuwa wamelala ubavu. Hata vunjajungu, yule mkatili, alikuwa ameanguka na mikono yake imekunjwa.

Mama Mapasa alitokea mlangoni kwangu bila kuitwa.

"Ni semeki yako," akasema. Ndivyo wanavyoita shemeji huku. "Alikuya na mutu wa pompi ya dawa mu mugongo. Iko na funguo."

Nilikuwa nimesahau kwamba alibaki na ufunguo tangu msiba.

"Uliona ukanyamaza?"

"Niliona nikanyamaza," akajibu. Hakutazama pembeni. "Mi nilitaka hii majani iende, unajua. Nilisema, muzuri, imekwisha. Kisha nikaona zile vinkubala zinaanguka. Na nikaona anapita mu mulango yako kama mulango yake, hata hodi hapana. Hiyo haikunifurahisha, mama. Nimeona nikuambie."

Nilikaa kwenye ngazi ya baraza. Nilitaka kulia, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko machozi, ikayazuia njia. Nikajiuliza ninakasirikia nini hasa, na kila nilipotafuta nilipata kitu chini ya kingine: viwavi, uzio nilioujenga, ufunguo, viti vilivyohesabiwa, shamba la yaya. Nikachukua panga. Nilikata mimea yote iliyokufa, kwa glavu, nikaifunga kwa kamba kama mzigo wa kuni.

Ijumaa familia ya mume wangu hukusanyika kwa shemeji baada ya swala kula pamoja. Nilikwenda. Sikuvaa nguo ya wageni. Nilivaa ile ya kazi, yenye sindano kifuani. Nilibeba mzigo kichwani kutoka kituo cha teksi hadi kwake, na watu walinipisha kwa sababu ulikuwa bado unanuka. Nilikuta wamekaa barazani kwenye mikeka, sinia la wali liko katikati. Nilisalimia wote, wakubwa kwanza. Kisha nikashusha mzigo kwenye vigae vyake vinavyong'aa, mbele ya miguu yake.

"Ulisahau hii kwangu," nikasema.

Shemeji alicheka kicheko kifupi. "Mama, kwa sababu ya majani unakuya kuharibu chakula ya bantu?"

"Si kwa sababu ya majani. Ni kwa sababu uliingia."

"Niliingia kwa kaka yangu."

"Uliingia kwa mwanamke ambaye hakuwepo. Kama ni kwa kaka yako, mbona ulisubiri nisafiri?"

Alifungua mdomo. Nikaendelea, kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena. "Niliwasikiliza wote tangu nilipoolewa. Niliambiwa fagia, nikafagia. Niliambiwa kaa, nikakaa. Sasa nisikilizeni mara moja. Butike hakuna. Pavé hakuna. Ile nyumba nitakufa ndani yake, na binti yangu ataifungua baada yangu. Na hii majani nitapanda tena. Mara hii nitapanda nje, kwenye njia, kila mtu anayepita aione. Nipe ufunguo."

"Mwanamuke muzima," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "unalilia wadudu."

"Ndiyo. Ninalilia wadudu. Ufunguo."

Shangazi yao mkubwa, ambaye hasikii vizuri, aliuliza kwa sauti, "Anataka nini?" Mtu akamwambia, anataka ufunguo wa nyumba yake. "Sasa si mumupatie?" akasema shangazi, akarudi kwenye wali wake.

Shemeji aliingia ndani. Alikaa huko muda wa kutosha watu wote waone haya. Alipotoka aliweka ufunguo juu ya mzigo wa majani, hakunipa mkononi. Nikauchukua. Waliniambia nikae nile. Nikasema asante, nina mgeni anayekuja. Nikaondoka.

Kesho yake nilibadilisha kitasa hata hivyo.

Yaya alifika na vyungu vyake juu ya gari la mkaa. Katika chungu cha mwisho, chini ya chumvi na viberiti, kulikuwa na mfuko uliojaa matunda makavu yenye manyoya. Aliniambia kwamba kampuni imejenga ukuta mrefu pale kwake, na kwamba nje ya ukuta huo, kwenye udongo ule ule uliogeuzwa na tingatinga, kitu cha kwanza kuota hakikuwa nyasi wala mahindi.

"Njo hii," akasema, akautikisa mfuko. "Imesimama pale mbele ya mulinzi, inamuangalia."

Tulipanda nje, kati ya ukuta wetu na mfereji, mstari mzima. Mbele yake tuliweka miti na kamba, na yaya akaandika kwa mkaa ukutani, herufi kubwa: USIGUSE MAZIWA YAKE. Watu walisoma wakacheka mambo yao. Ndani, kona ile iliyopigwa dawa, tuliacha ipumzike. Mvua ilinyesha vizuri mwaka huo. Mimea ilifika kifuani, ikatoa maua, na vipepeo wakaja mchana kweupe, mbele ya mafundi baiskeli na wauza mkate.

Shefu hakukawia. Alikuja Jumamosi ya salongo na wanaume watatu wenye mapanga. Sasa hapo alikuwa na haki kidogo, nakiri, kwa sababu mfereji ni wa njia. Yaya alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mstari wake, anapepeta mahindi. Hakuinuka. Mimi nilikuwa ninatoka ndani, mikono imejaa nyuzi, nikasikia sauti nyingine imenitangulia.

"Shefu, mi sipendi hii majani." Alikuwa Mama Mapasa, amesimama katikati ya njia na ufagio wake. "Unasikia? Sipendi hata kidogo. Zile vinkubala zinanipa baridi mu mugongo. Lakini ile siku balikuya na pompi, hakuna mwenye alipiga hodi. Leo mumekuya na mapanga, hamukupiga hodi. Basi d'abord, mbele ya yote, mupige hodi."

"Ku mufereji tunapiga hodi namna gani?" shefu akauliza.

"Mbele ya mwenye kupanda. Iko pale, iko na kigoda."

Wale wanaume watatu walianza kucheka. Shefu alitazama mapanga, akamtazama yaya, ambaye alikuwa anapuliza makapi upande wake. Hatimaye akasema, "Hodi."

"Hapana," yaya akasema.

Na hilo lilikuwa jibu. Shefu alitoa hotuba kuhusu usafi wa jiji, ndefu, kila mtu alisikia, kisha akaenda kukagua mfereji wa mbele. Wiki zilizofuata alikuwa anakuja, anasimama, anasema majani ikatwe, tunasema hapana, anaandika kitu hewani kwa kidole, anaondoka. Mama Mapasa naye hajabadilika. Kipepeo akiingia kwake anamfukuza kwa kanga. Lakini nikisafiri, ufunguo wangu unakaa kwake.

Shemeji hatujaonana sana. Katika harusi moja tulisalimiana kwa adabu. Aliniuliza afya, nikamuuliza duka. Hakuna aliyeomba radhi, na mimi sikuingoja. Kuna ndugu wengine upande ule wanaosema nimekuwa mwanamke mkali. Ni kweli. Ukali huo ningeuanza mapema, ningeshona nguo nyingi zaidi kwa amani.

Juzi shefu alikuja akitabasamu, na nilijua mara moja kwamba ana kitu. Alituambia kwamba komini, ndiyo serikali ya mtaa wetu, itajenga mfereji upya, kwa saruji, pande zote mbili, na kwamba kila kilichopo kati ya ukuta na njia kitachimbwa. Safari hii, alisema, si yeye. Ni kazi ya serikali, hata hodi haisaidii.

Yaya alimaliza kuosha vyombo, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia, akaanza kuitoboa matundu chini kwa msumari. Nilimuuliza anafanya nini. Akanionyesha juu ya ukuta wetu, ambao ni mpana, kwa sababu mume wangu hakupenda kazi nyembamba. Nikaacha gauni la mteja kwenye mashine, nikaenda kutafuta udongo. Kufikia jioni tulikuwa tumepanga mikebe juu ya ukuta kutoka mlango mkubwa hadi kona, kila mmoja na mche wake, na kiwavi mmoja mnene alikuwa amekwisha kupanda na kuanza kula bila kungoja mtu.

Waje na saruji yao.